Nusu ya Gozi

Musoma, Jumapili mchana

Mwanangu Nyangeta,

Umeondoka hapa saa saba kwenda Butiama kumuaga bibi yako, na kwa ninavyomjua mama yangu, hatakuachia mpaka umekula ugali mara mbili na kusali rozari nzima. Kwa hiyo nina mchana wote. Sanduku lako liko mlangoni, limefungwa, na nimekwisha kulifungua mara mbili kuhakikisha koti lako jeupe halijakunjamana. Sitakuandikia habari za chandarua, wala za maji ya kuchemsha, wala za wanaume wa Songea. Una miaka ishirini na sita, umesomea udaktari, na mambo hayo ama unayajua ama utayajua kwa kuumia kama sisi wengine tulivyoumia.

Nimejaribu kukuambia jambo hili kwa mdomo mara tatu wiki hii. Jumatano tulipokuwa tunachambua dagaa nilianza, ukaniangalia usoni ukaniuliza kama ninaumwa, nikasema ndiyo, mgongo. Ukanisugua dawa. Mgongo wangu hauna shida yoyote, mama. Nimekuwa mwoga tu, na mikono yako ilikuwa ya moto na mizuri nikakuacha uendelee.

Siku ya mahafali yako ulisimama mbele ya watu ukasema umesomea udaktari kwa sababu ya mama yako, nesi wa chumba cha upasuaji ambaye hajawahi kupoteza hesabu. Watu wakapiga vigelegele. Shangazi yako akanipiga kiwiko, akaniambia inuka wakuone. Nikainama kutafuta kitu ndani ya mkoba, na ndani ya mkoba hamkuwa na kitu. Sasa kesho unakwenda Songea kuanza mwaka wako wa mafunzo ya vitendo, utashika kisu mbele ya manesi usiowajua, na ninataka uende ukijua umetoka kwa nani.

Kabla hatujahamia hapa mjini nilifanya kazi katika hospitali ile ndogo, unaikumbuka, ulikuwa unakuja kunisubiri kwenye ngazi ukiwa na sare ya shule. Ilikuwa na meza moja ya upasuaji, taa moja, na jenereta lililowaka siku lilipotaka. Gozi, vile vitambaa vyepesi vya kufyonzea damu, hatukuletewa tayari. Lilikuja jora zima, na kila Ijumaa tulikaa kwenye benchi, mimi na wahudumu, tukakata, tukakunja, tukahesabu kumi kumi, tukafunga kila kumi kwenye kitambaa chake na kuzipika kwa mvuke. Tulipiga soga hapo, tulisengenya, tulicheka sana. Na zilizotumika hatukuzitupa. Tulizifua, tukazianika kwenye kamba nyuma ya jengo, tukazipika tena. Najua chuoni wamekufundisha mambo mengine, na nakuomba usikunje uso. Ndivyo tulivyoweza.

Tulikuwa na mtindo wetu. Gozi zikikaribia kwisha katikati ya kazi, unachukua mkasi unakata moja vipande viwili, unampa daktari nusu, unabaki na nusu. Chuoni hakuna mwalimu aliyetufundisha hivyo. Tulifundishana wenyewe na tulijivunia, maana nesi aliyefungua kifurushi cha pili ovyo alionekana mharibifu. Sharti lake lilikuwa moja: ukikata, unamwambia mhudumu, naye anaandika kwa chaki kwenye ubao mdogo kwamba imeongezeka moja. Kumi zimekuwa kumi na moja. Hapo mwishoni mnahesabu kumi na moja zilizotoka tumboni, mnafunga, mnakwenda kunywa chai.

Sabina aliletwa siku ya Jumanne, mchana kweupe. Alikuwa mwanamke mdogo wa Kiabakari, ishirini na mbili hivi, mimba ya kwanza, mtoto amekaa vibaya. Mume wake Magesa alikuwa amempakia kwenye pikipiki, yeye nyuma, dereva mbele, Sabina katikati akiuma kanga. Tulipomkalisha mezani tumchome sindano ya mgongo alinishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniumiza.

"Sista, nitaamka kweli?"

"Hulali, mama. Ni miguu tu inalala. Utamsikia mtoto wako kwa masikio yako."

"Usiniache basi. Mimi naogopaga hata sindano ya mkono."

Nikamwambia siendi popote. Na kweli sikwenda popote. Nilikuwa pale kwa kila kitu kilichotokea.

Daktari wetu wa wakati ule alikuwa hodari, na hilo nalisema bila kejeli. Alikuwa peke yake kwa wilaya nzima karibu, hakulala vizuri, na alikuwa na mdomo mkali. Wiki moja kabla ya Sabina nilimsimamisha katikati ya kushona kwa sababu sindano moja haikuonekana. Tukatafuta dakika ishirini, mgonjwa yuko wazi, jasho linamtiririka daktari. Sindano ikaonekana imechoma kwenye aproni yangu mwenyewe, hapa tumboni. Wote wakacheka isipokuwa yeye. Akasema, "Sista Mektilda, ukinisimamisha tena bure, utarudi wodini kupima watu homa." Nilikuwa nimekipigania kile chumba miaka sita. Maneno yale yalinikaa.

Mtoto wa Sabina alitoka vizuri, wa kike, akalia kabla hatujampangusa. Sabina akacheka kwa sauti. Kisha akaanza kutoka damu, na haikutaka kusimama. Daktari akawa anadai gozi, mimi natoa, anadai, natoa. Kifurushi kilikuwa kimoja tu, maana asubuhi umeme ulikatika na vingine havikupikwa. Rhoda, mhudumu wetu, alikuwa ametoka mbio kwenda maabara kufuata damu. Nikabaki na gozi moja. Nikaikata, nikampa nusu ya kwanza, halafu nusu ya pili. Rhoda hakuwepo wa kuandika kwenye ubao. Nikajisemea moyoni, akirudi nitamwambia.

Alirudi na chupa ya damu, tukahangaika kuitundika, presha ikapanda kidogo, daktari akapata pale palipokuwa panavuja akapafunga. Sote tukashusha pumzi. Ilikuwa ni furaha, Nyangeta, usidhani ilikuwa huzuni. Tulikuwa tumemwokoa mtu. Rhoda akainama kwenye beseni, akahesabu kwa sauti, akaishia kumi.

"Ziko kumi, sista."

Daktari akauliza, "Hesabu?"

Nikajibu, "Iko sawa, dokta."

Sikukumbuka mkasi. Hilo naweza kuapa popote. Ubao ulisema kumi, beseni lilisema kumi, na mimi nilikuwa nimechoka na nimefurahi. Gozi zikilowa damu zinajikunja, nusu na nzima zinafanana, na Rhoda alihesabu alichokiona. Hadi hapo lilikuwa kosa la kazi, na makosa ya kazi nimeyaona mengi, ya kwangu na ya wengine. Kama habari ingeishia pale nisingekuandikia barua.

Nilikwenda nyuma kuzifua mwenyewe kwa sababu Rhoda alikuwa anapiga deki. Unazikunjua moja moja kwenye maji ya chumvi. Nzima, nzima, nzima. Nzima tisa. Ya kumi nilipoikunjua ilikuwa nusu.

Nilisimama nimeishika. Nikaelewa mara moja, hata sikuhitaji kufikiri. Ile nusu nyingine ilikuwa ndani ya Sabina. Na Sabina alikuwa bado kwenye korido, juu ya kitanda cha magurudumu, hatua ishirini kutoka nilipokuwa, akisubiri wanaume wawili wa kumbeba kumshusha ngazi kwenda wodini. Miguu yake ilikuwa bado imelala. Daktari alikuwa chumbani kwake, nilisikia kijiko kikigonga kikombe. Ilikuwa ni kuita tu. Dokta, njoo, kuna nusu haionekani. Angenitukana, angefungua tena, tungeitoa, na leo Sabina angekuwa ana miaka arobaini, anauza karanga sokoni kwao.

Sikuita. Nilikung'uta mashuka yote ya upasuaji. Nikamwaga ndoo ya taka sakafuni nikaipekua kwa mikono. Nikatazama chini ya meza, chini ya viatu vyangu. Nilikuwa nairuhusu akili yangu initafutie mahali pengine ambapo ile nusu ingeweza kuwa, na akili ikanipatia: labda ilishikamana na kondo la nyuma, ikatupwa nalo. Kondo lilikwisha kwenda shimoni. Hakuna wa kwenda kulitafuta. Nikaikubali hiyo labda. Nikaianika ile nusu kwenye kamba pamoja na zile tisa. Niliporudi koridoni walikuwa wameshambeba.

Nimejiuliza kwa miaka kumi na minane nilichoogopa pale. Kumwogopa daktari kulikuwepo. Aibu ilikuwepo, ya kuchekwa mara ya pili ndani ya wiki mbili. Lakini kubwa zaidi, na hili linanichoma kuliandika, ni kwamba nilikuwa nimetoka kufurahiwa. Daktari alikuwa ameniambia, "Leo umefanya kazi." Sikutaka kuyarudisha maneno yale.

Sabina alirudi baada ya wiki tatu. Nilimkuta kwenye benchi la wagonjwa wa nje, amekonda, mtoto mgongoni mwa Magesa, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawalifanyi mpaka hali iwe mbaya. Aliponiona aliinuka kwa shida.

"Sista, mimi nilikuwa nakuulizia. Nimekuletea karanga. Siyo nyingi, mwaka huu mvua imetusumbua."

"Unaumwa nini, Sabina?"

"Tumbo. Na hapa kwenye mshono panatoaga maji. Wamenipima, wamesema ni malaria na taifodi." Halafu akatabasamu. "Mtoto nimempa jina lako. Ni Mektilda huyu. Somo wako."

Nilizichukua karanga. Nyumbani nilizikaanga, na wewe ulizila, ulikuwa darasa la pili, ukaniomba nyingine.

Nilikwenda kwa tabibu wa zamu aliyempima nikamwambia kwa upole, kama mtu anayependekeza rangi ya pazia, labda wampe rufaa aende Mwanza akapigwe picha ya tumbo. Akasema wamalize kwanza dozi. Ningeweza kusema sababu kwa sentensi moja tu na angeandika rufaa palepale. Nikasema sawa. Siku kumi zikapita ndipo wakamwandikia rufaa. Alipofika Mwanza walimfungua wakaikuta, na usaha umeenea kila mahali. Alikaa siku nne, akafa.

Barua ilikuja kutoka kule, na mganga mfawidhi akatuita ofisini, mimi, daktari na Rhoda. Akaitoa karatasi yetu ya hesabu. Zilizoingia kumi, zilizotoka kumi, sahihi yangu, sahihi ya Rhoda. Akaniuliza, "Hesabu ilikuwa sawa?" Nikasema, "Karatasi ni hiyo, mheshimiwa." Hakuna aliyeuliza kama tulikata. Kila mtu mle ofisini alijua kwamba tunakataga, na hakuna aliyeuliza. Mwisho wakaamua kwamba mhudumu wa darasa la saba alikosea kuhesabu. Rhoda wakamtoa chumba cha upasuaji, wakampeleka kufua mashuka, na hapo alikaa mpaka akastaafu. Magesa aliambiwa ni mapenzi ya Mungu.

Mimi ndiye niliyetumwa mazishini kuwakilisha hospitali. Nilibeba sukari na bahasha ya rambirambi. Wanawake wa Kiabakari walinipa kiti, wakaniletea mtoto nimpakate kwa kuwa ni somo wangu, nikampakata mpaka kaburi lilipofukiwa. Juma lililofuata ulivunja ile birika ya bibi yako ukasema ni paka. Nilikuchapa, Nyangeta. Nilikuchapa kwa kusema uongo, na nilikuchapa sana, mpaka baba yako akaninyang'anya fimbo. Umewahi kuniambia kwamba siku ile ndiyo ulijifunza kusema kweli. Nilikosa pa kuweka uso wangu uliponiambia. Baba yako aliingia kaburini bila kujua, na nakuomba radhi kwa ile fimbo.

Sasa hayo mengine unayajua, yale wanayonisifia. Nilipohamia hapa na kupewa usimamizi, nilipiga marufuku mkasi kugusa gozi. Niligombana na bohari mpaka tukaletewa zenye uzi wa kuonekana kwenye picha. Nilitundika ubao mkubwa mweupe ukutani ambao hata daktari akiwa ameinama anauona. Nilianzisha kwamba kabla ya kisu kila mtu anataja jina lake na kazi yake, mpaka anayesukuma kitanda. Madaktari wakongwe walinicheka: "Sista, leo tunaanza na utambulisho kama kwenye harusi?" Nikawacheka na mimi, nikashikilia. Kile cheti juu ya televisheni nilipewa kwa ajili hiyo. Kila nilipokuwa nakipangusa vumbi nilijiona mwizi aliyepewa zawadi kwa kulinda mlango.

Utakapofika huko utakuta karatasi za ukaguzi wa upasuaji zimebandikwa kila ukuta. Utakuta pia, usishangae, tiki zimepigwa zote asubuhi, na mgonjwa bado yuko wodini anatafuta ndala zake. Nimeona hesabu ya mwisho imejazwa kabla tumbo halijafunguliwa. Karatasi iliwahi kuniokoa mimi na kumwua mtu kwa wakati mmoja, kwa hiyo siiamini mpaka nisikie sauti ya aliyehesabu. Na ukisikia sauti imesita hata kidogo, simama. Usiulize kwa ukali. Mtu akiulizwa kwa ukali anajibu lile litakalomaliza maswali.

Mwaka juzi walimleta mzee kutoka kisiwa cha Rukuba, utumbo umetoboka, siku mbili mawimbi yamewazuia kuvuka. Wakati wa kufunga, kijana mmoja aliyekuwa anahesabu, nesi mgeni kabisa, akasema gozi moja haipo. Daktari akasema ipo, ameziona zote. Kijana akanitazama mimi. Nikasema, hatufungi. Daktari akanirushia maneno ambayo sitayaandika, akaingiza mkono, akatafuta, hakuna. Akatafuta tena. Akaitoa nyuma ya ini. Hakushukuru, hakuomba radhi, na jioni alinipita getini bila salamu. Yule mzee alipona akarudi kwenye nyavu zake. Kijana yule nilimnunulia soda, nikaenda chooni nikalia kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo. Ilichukua dakika saba.

Wewe utakuwa daktari, na hilo ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Una hasira yangu. Ukichoka unajibu mkato, hata mimi unanijibu mkato. Kuna siku nesi atakusimamisha na itakuwa ni bure, sindano itakuwa kwenye aproni yake, na wewe utakuwa hujala tangu asubuhi. Nakuomba siku hiyo ufunge mdomo wako, mama yangu. Mshukuru, hata kwa uongo kama huna shukrani ya kweli, maana maneno utakayosema siku hiyo ndiyo atakayoyakumbuka siku ambayo haitakuwa bure.

Kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Miezi miwili iliyopita Magesa alikuja hospitalini. Nywele zake zimekuwa nyeupe. Alikuwa na msichana mrefu, sare ya kidato cha nne, macho ya Sabina.

"Sista, nimekuletea somo wako," akasema. "Anataka kusomea unesi. Mimi nikamwambia, twende kwa yule aliyemshika mama yako mkono."

Msichana akapiga goti akanisalimu. Akaniuliza masomo gani ayakazanie. Nikamwambia baiolojia, nikamwambia kemia, nikamwambia na hesabu. Nikawapa soda, nikawasindikiza kituoni, na njia nzima Magesa alikuwa ananishukuru. Tangu siku ile silali. Ninamwona akiwa mwanafunzi chini yangu, akinipenda, akiuliza mama yake alikufaje, na mimi namjibu tena kwa karatasi.

Nilianza kwa Rhoda, juma lililopita. Anakaa karibu na mwalo, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, anakaanga samaki. Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nikamwambia yote, huku anageuza sato kwenye mafuta. Hakuonekana kushtuka.

"Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Siku ileile. Jioni nilianua zile gozi. Tisa nzima, moja nusu. Nikasema, sista atasema. Kesho yake nikasema, sista atasema. Nilikuwa nakungojaga wewe."

"Na wewe kwa nini hukusema, Rhoda?"

Akaacha kugeuza samaki, akaniangalia. "Kwa nani? Mimi wa darasa la saba, nikasimame niseme sista ni mwongo? Wewe mwenyewe ungenisikiliza?"

Ukweli ni kwamba nisingemsikiliza. Akanifungia samaki wawili kwenye gazeti, akakataa hela, akaniambia nisirudi kwake mpaka nimefika Kiabakari. Kwa hiyo tulikuwa wawili tuliojua, na Sabina alikuwa bado hai. Ndani ya chumba utakachofanyia kazi, anayejua anaweza kuwa yule aliyeshika ufagio. Jua jina lake. Mwulize kitu kila siku, hata kitu kidogo, azoee kwamba sauti yake inajibiwa.

Nimekuambia kwamba kesho nitakusindikiza mpaka Bunda nikamwone shangazi yako. Siendi Bunda. Nitashuka Kiabakari, na barua hii nitakupa mkononi basi likianza kupunguza mwendo, ili usipate nafasi ya kunizuia. Nimempigia Magesa simu nikamwomba awepo nyumbani na binti yake, nina maneno. Akafurahi. Akasema watanichinjia kuku. Nikamwambia asichinje, anisikilize kwanza. Akacheka, akasema mgeni kama mimi hasubirishwi.

Jumanne nitakwenda kwa mganga mfawidhi na maelezo yangu ya maandishi, yana jina la Rhoda na kosa alilobebeshwa. Sijui watafanya nini. Wanaweza kuninyang'anya leseni, imebaki miaka miwili nistaafu. Magesa anaweza kunifikisha polisi, na ana haki. Inawezekana habari ikakufikia huko Songea kabla hujazoea njia ya kwenda wodini, wenzako wakakuangalia kwa pembeni. Ningependa kukuambia nimefanya hivi kwa ajili yako. Ni kwa ajili ya yule msichana, na kidogo kwa ajili yangu, na wewe utaumia bila kosa. Ukinikasirikia, kasirika. Simu yangu itakuwa wazi ila sitakupigia mimi. Utapiga siku utakayoweza.

Usishuke nyuma yangu. Nakujua, utataka kushuka. Kaa kwenye kiti chako, una wagonjwa wanaokungoja na basi lile halirudi nyuma. Mimi nitavuka barabara pale stendi, nitamtafuta msichana mmoja aliyesema atakuja kunipokea. Tunaitwa jina moja, na bado hajui kwa nini mama yake hayupo.

Mama yako,

Mektilda